Kwa Mondher Masmoudi, Aliyeufundisha Mkono wa Chuma Kutia Matone

Umetimia mwaka sasa, Mondher, tangu tukusindikize makaburini hapa Sfax, na mimi bado napika chakula cha watu wawili halafu nakula chote. Ukiniona nilivyonenepa usiseme kitu.

Uliwafundisha vijana wa uhandisi kuongoza mashine bila kukosea hata kwa unywele. Kwanza kwenye kompyuta, ambako walivunja vikombe vya picha wakacheka. Kisha ukawaweka mbele ya mkono wa chuma wenyewe, na vikombe vya kweli, vya harusi yangu, ulivyovitoa kabatini kimyakimya. Aliyekosea ulimwambia, "Punda wa bibi yangu anajua pa kusimama, wewe je?" Halafu ukamnunulia kahawa.

Mara ya mwisho uliushika mkono ule ukauongoza mwenyewe, utie matone ya maji ya maua ya mchungwa kwenye kahawa, na kompyuta ikauhifadhi mwendo wako. Ukafa kabla ya mtihani wao.

Arobaini yako ilipopita, mwanafunzi wako Rim akaja nyumbani. Mkono ulikuwa unafika juu ya kikombe, unaganda. Walikagua kila waya, kosa hawalioni. Mtihani umekaribia, watafeli wote; lakini kuufuta mwendo wako bila ruhusa yangu waliona ni kukuzika mara ya pili.

Nikaenda nao maabara. Mkono ukaja, ukasimama hewani. Nikakujua. Ndivyo ulivyokuwa ukinisubiri kila asubuhi uliponitilia matone kwenye kahawa yangu, maana nilikihamisha kikombe makusudi nikuone ukinuna.

Nikakisogeza. Mkono ukakifuata.

"Mama," Rim akasema polepole, "huu hauna macho."

"Hata yeye hakuwa akinitazama," nikamwambia, "na alinipata."

Nikakisogeza tena. Ukafuata tena. Wenzake Rim walikuwa wamesharudi nyuma hadi mlangoni. Mimi ningekaa pale mpaka leo, Mondher, lakini watoto wa watu wasifeli kwa utani wa wazee wawili. Nikakishika kikombe kwa mikono yote miwili, kikatulia. Katika ndoa yetu nzima sikuwahi kukufanyia hivyo.

Matone yakaanguka. Mkono ukarudi mahali pake, na tangu siku hiyo haujaganda tena. Rim anaapa hawakufuta chochote.

Wote wamefaulu. Kahawa ile niliinywa palepale, nimesimama.

Unakumbukwa na mkeo Zeineb, wanao Slim na Olfa, kaka yako Ridha na wanafunzi wako. Siku zote zilizotubakia, hutatoka mioyoni mwetu.