Ndege alizozipenda Hilali

Sur, 2006

Bimkubwa, shikamoo. Nipo kwa nduguyo, Mjomba Seif. Joto la hapa linakausha kanga kabla hujamaliza kuianika.

Jana tulikuwa tunakula wali na jodari, televisheni ikasema zile ndege mashuhuri za kivita za Kimarekani, zinazoruka kutoka kwenye manowari na kukunja mbawa angani, zimestaafishwa. Mjomba akaacha kula. Marehemu mwanawe, Hilali, alikuwa akisikia mvumo wa ndege hizo tu, mbio juu ya paa kuzitazama.

"Hilali angelia leo," akasema.

Mkewe akamjibu taratibu, "Basi mlilie wewe, Seif."

Akalia, Bimkubwa, mara ya kwanza tangu mazikoni. Tukakaa naye mpaka wali ukapoa.

Mwombee dua. Nakubusu mikono yote miwili.

Mwanao, Zuwena