Mieleka Kwenye Kapu la Vitambaa

Duka la Cherehani,
Mlango wa Bluu, Nyuma ya Soko.
14 Agosti

Mpendwa Dada,

Hujambo huko uliko? Mgongo wa shemeji umepata nafuu? Sisi huku wazima. Wifi yako ana kikohozi kidogo, lakini sauti ya kunigombeza bado anayo.

Barua yako niliisoma mara mbili, mkasi mkononi. Ile habari ya kumpeleka pacha mmoja akaishi kwa bibi yao, kisa wanapigana mieleka kutwa, imeninyima raha. Kabla hujafunga begi la mtoto nisikilize, maana kosa hilo mimi nimeshalifanya. Nimelifanya kwa paka.

Paka wetu wa dukani alizaa wawili ndani ya kapu la mabaki ya vitambaa. Mmoja nikamwita Bonge, mwingine Kijiti. Walipopata nguvu za miguu, kazi yao ikawa moja: kukabana shingo, kupigana mateke na kubiringishana mpaka chini ya cherehani. Kijiti ndiye mdogo, nikamwonea huruma. Alipoacha kunyonya nikajifanya hakimu, nikamhamishia chumba cha kupimia nguo, akawa anakula peke yake na kulala peke yake.

Dada, akageuka msumeno. Ukimgusa tu anauma kwa meno yote. Bibi harusi mmoja alikuja kujaribu gauni, Kijiti akamrukia kisigino akang'ang'ania. Bibi harusi akaruka, gauni likachanika kwapani. Wifi yako akasema, "Huyo kesho aondoke." Niliona haya sana, kwa kuwa aliyemharibu ni mimi.

Nikamwita daktari wa mifugo, akacheka kwanza. "Umemnyima mwenzake wa kucheza naye," akaniambia. "Sasa atajulia wapi kwamba jino lake linaumiza wenzake? Mrudishe kapuni."

Nikamrudisha. Hata dakika haikupita, akamng'ata Bonge sikio kwelikweli. Bonge akalia, akaondoka zake, akakaa ameangalia ukuta. Kijiti akabaki ameduwaa. Kisha akamfuata, akalala chali mbele yake, na mchezo ukaanza upya, safari hii kwa meno ya taratibu. Leo ni wiki ya tatu, anashika kidole changu mdomoni na haachi hata alama. Bibi harusi alipofuata gauni lake alimbeba mwenyewe, na wifi yako hazungumzii tena habari za kumwondoa.

Daktari alinionyesha na jambo jingine. Bonge ana nguvu mara mbili ya mwenzake, lakini kila mara anajiangusha na kumwacha Kijiti akae juu. Angekuwa anashinda yeye tu, mdogo angekata tamaa na mchezo ungeishia hapo.

Basi nakuomba, usimpeleke mtoto popote. Ondoa glasi mezani uwaache. Mmoja akilia, subiri kidogo uone mwenzake atafanya nini.

Nisalimie shemeji, bibi yao, na pacha wote wawili wakiwa chini ya paa moja. Shangazi naye anakusalimu. Mungu ailinde nyumba yako pamoja na kelele zake.

Nikuambie la mwisho. Umenizidi miaka minne, na utoto wangu wote nilitamba mtaani kwamba dada yangu namwangusha. Jana nilimwona Bonge akianguka, nikasimamisha cherehani, nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Kumbe ulikuwa unaanguka mwenyewe. Ahsante, Dada.

Akupendaye siku zote,
Mdogo wako uliyemwachia ushindi,
Fundi