Halua ya Jumapili ya Msamaha Ataizungusha Nani?

Mpendwa Mshauri, Shangazi Dochka, naomba msaada wako na naomba upesi, maana siku zenyewe ni chache, na safari hii siandiki kwa woga, naandika kwa furaha, miaka tisa ya ndoa sijaijua furaha ya namna hii hadi najishangaa mwenyewe.

Wiki tatu zilizopita mume wangu, nimwite Yavor, alinipiga kama kawaida yake, kisa supu ya maharage imepoa, lakini siku hiyo binti yetu Bilyana, wa miaka saba, alikuwa amejikunyata kando ya jiko, na nilipomwona ameziba masikio nikachukua simu nikapiga 112 kuita polisi mbele ya Yavor mwenyewe, naye akacheka, "Piga, piga, watakuja kunywa rakia na mimi." Hawakunywa, Shangazi! Walifika baada ya dakika kumi na moja, nilizihesabu kwenye saa ya ukutani, askari mmoja mrefu na mwenzake wa kike anaitwa Ralitsa, na Yavor alipoanza porojo zake kwamba haya ni mambo ya ndani ya nyumba, Ralitsa akamkata, "Na ndani ya nyumba ndimo tulimo, bwana. Vaa koti." Maneno hayo nimeyakariri kama sala!

Ralitsa alinipeleka mwenyewe kwa daktari ili michubuko iandikwe, akakaa nami nikijaza maombi ya ulinzi, na kesho yake hakimu akatoa amri ya muda hadi kesi isikilizwe, Yavor ahame na asitusogelee mimi na mtoto kwa mita mia moja. Sasa anakaa kwa mama yake ng'ambo ya mto. Kila Ijumaa Ralitsa hunipigia kuuliza tunaendeleaje, na mimi nimepaka mlango rangi ya njano, nimenunua koti jekundu, naimba nikiosha vyombo hadi jirani anagonga ukuta.

Sasa shida yangu. Jumapili ya Msamaha, ile ya kabla ya Kwaresima, ndiyo hiyo inakuja, na miaka yote tisa nimekwenda kwa mama mkwe wangu Velika na chungwa na banitsa ya jibini, nikambusu mkono nikasema, "Nisamehe, mama," naye akajibu, "Mungu akusamehe," kisha Yavor akaning'iniza halua kwa uzi kutoka darini akaizungusha, na watoto wakaikimbilia kwa midomo, mikono nyuma. Juzi Velika kanipigia.

"Mkwe, Jumapili unakuja?"

"Mama, Yavor yuko hapo. Na kuna amri."

"Nimeisoma mwanzo hadi mwisho. Imesema yeye asikufuate. Imesema wapi wewe usije kwa mama yako? Mdogo ndiye huenda kwa mkubwa, ndivyo tulivyokuta. Njoo uombe msamaha, yaishe, halafu uwaambie hao polisi wako wakaifute."

Nikaitoa amri nikaisoma upya, Shangazi, na kweli haikuandikwa, na Velika ndiye aliyenikanda mgongo siku arobaini nilipojifungua, siwezi kumgeuka. Tena nikiri ukweli wote, nataka kwenda! Nataka niingie na koti langu jekundu, nisimame mbele ya Yavor aone simwogopi tena, nusu saa tu, kisha nirudi. Na Bilyana kila asubuhi ananiuliza, "Mama, mwaka huu halua ataizungusha nani?" Nisipokwenda mtaa mzima utasema nimevimba kichwa. Niende? Na je, nimwambie Ralitsa, au ataniona mjinga?

Ni mimi, Mwenye Koti Jekundu

*

Mwenye Koti Jekundu, hongera! Hongera tena! Barua yako nimeisoma nimesimama, nikapiga vigelegele hadi mhariri akachungulia kuuliza nani kaolewa. Nikamwambia hakuna aliyeolewa, kuna mtu kapiga simu.

Haya, sasa kaa chini nikugombeze. Wewe umepona woga, ukadhani na mwenzako amepona mkono. Nani kakwambia? Hao wa "nusu saa tu" ninawajua, barua zao ninazo hapa, na za wengine zimeandikwa na dada zao kwa sababu wenyewe hawawezi tena kuandika. Yavor hana haja ya kuliona koti lako.

Na huyo Velika, heshima yake naitambua, mgongo kakukanda, lakini amri ya hakimu anaisoma kama mbuzi anavyokagua uzio wa jirani. Ni kweli haikukuzuia wewe, iliwekwa kukulinda. Lakini siku ukikaa sebuleni kwake ukila banitsa, wakili wa Yavor atasimama mahakamani aulize, huyu mama anaogopa nini hasa? Utajibu nini? Tena polisi hawana uwezo wa kuifuta hata ukiwapigia magoti. Ni ya hakimu.

Nimeirudia barua yako mara tatu nikitafuta mahali Yavor amesema samahani. Sikupaona. Aliyepigwa ni wewe, na anayeitwa akaombe msamaha ni wewe! Mila yetu naipenda, bibi yangu alinilea nayo, lakini haikuwekwa ili aliyeumizwa ambusu mkono aliyemuumiza.

Kwa hiyo leo, usingoje Ijumaa, mpigie Ralitsa. Mweleze simu ya Velika neno kwa neno, andika na tarehe, na ukitumiwa ujumbe usiufute. Hatakuona mjinga. Polisi wa maana huambiwa hata yale ambayo bado yanapikwa, asisubiri mpaka yaive. Muulize pia kuhusu wakili wa kituo cha wanawake akusindikize kwenye kesi, na mwalimu wa Bilyana aijue amri hiyo, bibi asije akamchukua mtoto shuleni kwa chungwa moja.

Velika mpigie Jumapili asubuhi. Mwambie, "Nisamehe, mama," kwa yale uliyomkosea yeye, basi. Akijibu "Mungu akusamehe," mshukuru. Akianza "njoo," kata simu. Nusu ya nchi hii iko Ujerumani na Uhispania kutafuta riziki, kila mwaka inaomba msamaha kwa simu, na sijasikia mtaa ukisema imevimba kichwa.

Na halua je? Nunua ile nyeupe yenye karanga, funga uzi kwenye taa ya jikoni kwako, waite watoto wa huyo jirani anayegonga ukuta. Koti livae humohumo ndani ukipenda. Panda kwenye kigoda, uzungushe. Mkono uliopiga 112 mume akiwa amesimama anacheka hauwezi kushindwa na kipande cha halua. Na kesho asubuhi Bilyana akiuliza ataizungusha nani, usimwache hata amalize swali. Mwambie, "Mimi."