Kabichi Zenye Dawa Mbichi

Mpendwa Mama Masika,

Kule kwetu Alimbongo, miaka ile ya vita, hakuna aliyengoja dawa ya wadudu iishe nguvu kabla ya kuvuna. Kabichi yenye matundu ya viwavi haikupata mnunuzi Butembo, kwa hiyo watu walipiga dawa leo na kukata kesho, kabla askari hawajaingia shambani. Wewe peke yako ulingoja. Ulinifanya nikusomee maandishi ya Kifaransa ya kwenye chupa ya dawa mpaka ukayajua kwa kichwa. Nami hukuniruhusu kukoroga dawa kwa mkono, wala kumbeba mtoto kabla sijaoga. "Baba Masika, unanuka dawa, kaa kule!" ulisema, ukinisukumia sabuni kwa mguu.

Halafu wakaja wale askari wenye njaa, siku moja tu baada ya sisi kupiga dawa. Mmoja alikuwa amekwisha kutia jani mdomoni.

"Tema! Batoto yangu, hapana kula, iko na dawa ya jana!"

"Mama, unatudanganya. Uko unachunga kabichi yako."

Shemeji yako, ndugu yangu, alikunong'oneza kwa Kinande, lugha yetu: waache wale wafe, tupumzike. Ulileta maji na sabuni, kisha ukateremsha chungu cha maharage, chakula chetu cha siku ile. Yule wa jani akatema, akaegemeza bunduki kwenye ukuta wa jiko, akanyoosha mikono umnawishe. Walimaliza chungu. Sisi tulilala na chai kavu, na shemeji yako alikununia mpaka mavuno.

Sasa niko Bulengera, hapa mjini Butembo, nimezeekea ukimbizini. Jirani yangu Kahindo analima kabichi nyuma ya nyumba. Alikuwa akipiga dawa miguu mitupu, upepo ukimrudishia usoni. Nilimpa buti zangu na kumwonyesha namna ya kuupa upepo mgongo. Amekubali, ingawa anasema nimemwingiza jeshini. Ila kungoja hataki. Yeye hawafahamu wateja wake hata kwa majina, na ana watoto wa kulisha.

Jana alitoka na kisu, dawa ikiwa bado mbichi. Nikamsimulia habari yako na wale askari.

"Na bale basoda, mzee, balirudi kusema aksanti?"

"Balirudi. Bakabeba mbuzi."

Alicheka mpaka akaketi kwenye tuta. Kisha akaniuliza, polepole, "Na mama hakujuta?"

Nilimwambia ukweli: mbuzi ulimlilia, askari hukuwajutia hata siku moja. Akaangalia kabichi zake, akaingia ndani na kisu chake. Asubuhi hii nimechungulia juu ya ua. Kabichi zote bado zimesimama.

Pumzika vema, mke wangu, huko Alimbongo ambako sijaweza kurudi kupalilia kaburi lako.

Mume wako,
Baba Masika