Karanga Kiganjani mwa Baba

Dada yangu,

Mimi mzima, ila nimechoka. Mitihani inakaribia, na chumba ninachosomea nimegawana na kasuku wawili waliookolewa kutoka kwa mtu aliyewasafirisha ndani ya gunia. Huruma ya kuwapokea ilikuwa ya Mama. Kazi ya kuwasafisha imeniangukia mimi.

Jike ameshazoea, hata ananivuta nywele nikisoma. Dume bado. Amejinyonyoa kifua chote, na mtu akiinua mkono, hata kujikuna tu, anajibana pembeni na kutetemeka.

Baba alipoona hivyo aliniuliza, "Kwani mimi nimemfanya nini huyu?"

Mama akajibu kutoka jikoni, "Si wewe, mzee. Ila mkono ni mkono."

Tangu hapo, Baba akitoka kazini anakaa karibu na tundu, mlango wake wazi, karanga kiganjani. Nilimweleza nilichosoma: aking'atwa asivute mkono wala asifoke, la sivyo ndege ataona kung'ata ndiyo dawa. Ameng'atwa mpaka damu. Hajafoka. Najua huniamini.

Jana dume alichukua karanga. Baba hakusogeza mkono. Akasema polepole, bila kunitazama, "Mwandikie dada yako."

Nikamwuliza niandike nini. Akaweka karanga nyingine kiganjani.

Kofi lililokuondoa hapa sijalisahau, dada, kwa hiyo sikwambii urudi. Nakuandikia tu kwamba Baba anakusalimu, na kwamba hakujua aseme vipi.

Mdogo wako