Keki ya Mtawa, Kianjokoma

Mdogo wangu Kendi,

Huku ni ukungu na baridi tu. Leo mama mkwe amenifundisha keki ya Krismasi aliyofunzwa na mtawa Mwitaliano, marehemu siku nyingi: makadamia, zabibu kavu, asali, karafuu, na makaa juu ya kifuniko cha sufuria. Tuliinyunyizia sukari ya unga, tukafunga jikoni kwa kufuli, tukakaa nje.

"Tumwache mtawa aonje kwanza," akasema. Nikacheka.

Tuliporudi, sukari ilikuwa na alama za vidole vitatu.

Nilipovua sweta niliyokaa nayo nje, nikakuta vidole vilevile vya sukari begani. Mama mkwe akatabasamu: "Mwaka ujao utapika wewe."

Kipande chako nimekufungia. Nakupenda. Niombee.

Dadako Makena