Roketi Niliyoiombea Ishara

Hopkins, Minnesota
Mei 2007

Mpendwa Dada Dafrosa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mguu wa Mama umepata nafuu. Mimi kiafya sijambo, ila situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta koti.

Ni ile nafasi ya kufundisha chuoni Arusha uliyoniombea. Najua mkuu wa chuo anasubiri jibu, na wewe umeshapaka rangi chumba changu. Kila nikishika kalamu nikujibu, najikuta nimeshika kisu na ubao.

Maana natengeneza roketi, Dada. Usicheke. Ni ya kuchezea, ya mbao nyepesi, ila ina mabawa. Injini yake ya baruti inakaa mbele; ikishaipandisha juu inajitoa na kuanguka yenyewe, na kilichobaki kinatakiwa kielee taratibu mpaka chini. Kazi yote ni mizani. Unabandika udongo wa kufinyangia kwenye pua: ukipungua inayumba kama mlevi, ukizidi inapiga mbizi.

Nilipoipatia, niliwaambia wenzangu wa ushirika wetu wa ibada ya Kiswahili, Saint Louis Park, kwamba nimemwomba Mungu ishara: ikielea salama, narudi nyumbani. Hawakulichukulia kama utani. Jumamosi tulikwenda uwanjani nje ya Oakdale, na Kemunto, yule nesi Mkenya niliyekutajia, akaiombea mpaka nikahofia baruti italowa machozi.

Ilipanda vizuri, injini ikajitoa. Kisha ikainamisha pua, ikaja chini moja kwa moja na kuvunjika bawa. Wote wakanipa pole. Kemunto aliiokota, akaipima kiganjani, akaniuliza mbona huo udongo ni mwingi hivyo. Sikumjibu.

Wewe nakujibu. Niliuongeza mwenyewe asubuhi ile, bafuni, mlango nimeufunga. Nilijua ingeelea, ndiyo maana nikaogopa. Nilitaka Mungu akukatalie kwa niaba yangu, kwa kuwa nakuogopa wewe kuliko ninavyomwogopa Yeye. Sirudi, Dada. Napapenda hapa, hata na baridi yake, na miezi yote hii nimeona aibu kulisema. Nafasi hiyo wampe mwingine.

Kasirika utakavyo, ila usiache kuniandikia. Nisalimie shemeji na watoto. Mama msomee barua hii mpaka pale tunapoiombea roketi. Yaliyobaki nitampigia simu nimwambie mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye,
Elihuruma